Vidole Vinavyosikiliza
Riwaya ya The Lock Artist ya Mmarekani Steve Hamilton, iliyotoka mwaka 2010 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Edgar, ambayo chama cha waandishi wa hadithi za upelelezi nchini Marekani huitoa kwa riwaya bora ya mwaka, humweka mpelelezi pembeni na kumwachia usimulizi mhalifu mwenyewe, Michael, akiwa gerezani. Msomaji aliyezoea kuifuata akili ya mpelelezi Bwana Msa katika kazi za Muhammed Said Abdulla atajikuta akimwombea mvunja sefu asikamatwe.

Michael alinusurika tukio la kutisha akiwa na miaka 8, na tangu hapo hajatamka neno, ingawa koo lake halina kasoro. Hiki ni kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloendelea kumtawala mtu hata baada ya hatari yenyewe kupita. Akilelewa na ami yake mjini Milford, katika jimbo la Michigan, anajigundua kuwa hodari wa kuchora na wa kufungua vitasa bila ufunguo, na kipaji hiki cha pili ndicho kinachomtia mikononi mwa wahalifu wa Detroit.

Ufundi wenyewe umeelezwa kwa makini. Kitasa cha sefu kina visahani vilivyopangwa kwenye mhimili mmoja, kila kimoja kikiwa na pengo ukingoni. Namba sahihi zikipigwa, mapengo hukaa mstari mmoja, kipande cha chuma kikatumbukia humo, na komeo likaachia. Kwa kuwa hakuna visahani vilivyochongwa sawasawa kabisa, mwenye subira huweza kuzihisi tofauti zao ndogo mno kwa ncha za vidole, kazi inayodai ukimya ambao kijana huyu anao tele.

Sababu ya ububu wake hufichuliwa mwishoni, na haifai kutajwa hapa. Itoshe kusema kwamba kwake sefu si chombo cha kuhifadhia fedha tu. Ajabu ni kwamba bubu huyu, akiandika, ana maneno mengi kuliko wote wanaomzunguka. Hata hivyo, kwa Amelia, msichana anayempenda, huzungumza kwa michoro, na sehemu hizo zina uzito kuliko wizi wote uliosimuliwa. Riwaya hii inastahili kupata mfasiri wa Kiswahili.