Land Rover ya guka na kijiti cha njano: Mbona fowili hukataa mlimani?

UKITAKA kujua kwa nini Land Rover za miaka ya sabini hazijastaafu, subiri mvua ya Aprili inyeshe Chogoria. Barabara ya kupanda hadi lango la Mbuga ya Taifa ya Mlima Kenya, lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 2,950, hugeuka uji wa matope mekundu. Probox hubaki mjini. Vijana wenye mikoba ya kupanda mlima huhamia kwenye mchuma uliowazidi wazazi wao umri.

Hali ni hiyo hiyo kutoka Naro Moru kwenda Met Station, na kwenye njia za Aberdare juu ya Nyeri. Huko gari la kifahari likigoma, la guka ndilo huitwa kulivuta.

Lakini nalo lina maringo yake. Muulize fundi yeyote wa jua kali Karatina au Nanyuki anayeshika magari haya, atakwambia lalamiko analolisikia kila mvua ikianza: fowili imekataa. Ama imekataa kuingia, ama imeingia ikakataa kutoka, ama inaruka yenyewe gari likiwa mteremkoni. Hiyo ya tatu ndiyo inayoua.

Na kwa kuwa vijana wengi sasa wanayarithi magari haya, au wanayanunua ili kuyafufua na kupiga nayo picha za wikendi, ni vyema kujua ndani kuna nini.

Vijiti viwili, kazi tatu

Nyuma ya giaboksi ya kawaida kuna boksi la pili ambalo mafundi huliita transfa. Kazi yake ni kugawa nguvu ya injini kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kuchagua kati ya upande wa kasi wa kutembelea barabarani na upande wa nguvu wa kupandia milima.

Katika Land Rover za Series II, IIA na III, yaani zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1985, transfa ina vijiti viwili kando ya gia kuu. Chenye kichwa chekundu kikiwa mbele, uko kwenye kasi. Katikati ni nyutro. Kikivutwa nyuma ni nguvu, na hapo magurudumu yote manne huingia kazini bila kuambiwa. Cha njano hubonyezwa chini ukitaka magurudumu manne ukiwa bado kwenye kasi.

Watu wengi hukwama kwenye kukitoa cha njano. Hakivutwi juu kwa mkono. Unasimamisha gari, unarudisha chekundu nyuma hadi kwenye nguvu, cha njano kinaruka juu kwa springi yake, halafu unasukuma chekundu mbele. Asiyejua hukivuta kwa nguvu hadi akivunje, kisha hulaumu gari.

Cha njano kinaweza kubonyezwa gari likitembea. Chekundu la. Kukivuta kwenye nguvu wakati magurudumu yanazunguka ni kusaga meno ya gia, na sauti yake utaisikia hadi mfukoni.

Kwa nini iliundwa hivyo?

Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam mnamo Aprili 30, 1948, haikuwa na kijiti cha njano. Magurudumu manne yalipata nguvu wakati wote, lakini ekseli ya mbele ilipitia kifaa kilichoruhusu magurudumu yake kuzunguka haraka kuliko ya nyuma gari likikata kona, sawa na baiskeli inavyotembea bila kupiga pedali. Ukishuka mlima, injini haikuweza kuyazuia magurudumu ya mbele mpaka uvute pete iliyokuwa karibu na miguu ya dereva.

Mwaka 1950 mpango huo uliachwa. Dereva akapewa uamuzi: mawili kwenye barabara nzuri, manne kwenye matope. Mpangilio huo ndio uliodumu zaidi ya miaka 30, na ndio uliojaa Kenya. Series nyingi za miaka ya sabini na themanini ziliunganishwa hapa hapa Thika, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya ambacho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Zikatumiwa na polisi, idara za serikali, misheni na wakulima.

Ile nyutro ya transfa nayo ina historia. Iliwekwa ili mkulima aegeshe gari, awashe injini, na nguvu yake iendeshe pampu ya maji au msumeno badala ya magurudumu. Gari lilikuwa trekta la mtu asiye na trekta.

Badiliko kubwa lilikuja 1983 na Land Rover 110, ambayo baadaye ilipewa jina la Defender. Vijiti vikawa kimoja. Magurudumu manne yakarudi kufanya kazi wakati wote, ila sasa ndani ya transfa kuna difu ya katikati inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukifika matopeni, unasukuma kijiti hicho upande ili kuifunga difu.

Toyota walipita njia yao. Baadhi ya Land Cruiser za awali za mfululizo wa 40, ulioanza 1960, ziliingiza ekseli ya mbele kwa nguvu ya mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, dereva akivuta kitufe kwenye dashibodi. Mipira ya hewa ikipasuka, fowili imeenda. Baadaye Toyota wakarudi kwenye kijiti cha sakafuni.

Usidhani hayo ni ya wazee tu. Suzuki Jimny, kipenzi cha vijana wa Nairobi wanaotoroka wikendi kwenda Nanyuki, ilianza na kijiti, ikahamia kwenye vitufe, kisha toleo jipya la 2018 likarudisha kijiti. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Mbona hukataa?

Sababu ya kwanza ni uvivu. Kijiti kisichoguswa mwaka mzima hushika kutu kwenye viungo vyake. Hata Defender inayotumika mjini pekee, viungo vya kufunga difu huganda. Dawa huwa ni mafuta ya kulainisha na subira, wala si nyundo.

Ya pili ni lami. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele huenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope yanateleza kidogo na tofauti hiyo inaisha. Kwenye lami hayatelezi, kwa hivyo mashafti yanajikunja na meno ya transfa yanabanana. Series haina difu ya katikati ya kumaliza mvutano huo. Ukitoka barabara ya udongo ukaingia lami ya Nyeri–Karatina ukiwa bado na magurudumu manne, kijiti kitakataa kutoka. Usipigane nacho. Rudi rivasi taratibu mita chache, au peleka gari kwenye changarawe, na mara nyingi kitaachia chenyewe.

Ya tatu ni uzee. Ndani ya transfa kuna uma unaosukuma gia, na gololi ndogo yenye springi inayoushikilia mahali pake. Springi ikichoka, uma ukilika, bushi za viungo zikiisha au raba zinazobeba injini na giaboksi zikilala, gia haiingii hadi mwisho. Ikiingia nusu, itaruka.

Sasa piga picha uko mteremko wa Chogoria, gia ya kwanza, upande wa nguvu, injini ikilishika gari. Kijiti chekundu kinaruka hadi nyutro. Papo hapo injini haina uhusiano wowote na magurudumu. Umebaki na breki peke yake, na barabara ni sabuni.

Kosa la kuegesha

Kuna hatari nyingine ambayo madereva wa magari ya kisasa hawaijui. Ukiegesha mlimani umezoea kuacha gari kwenye gia ya kwanza. Katika Series, kama kijiti chekundu kiko nyutro, hiyo gia haishiki chochote. Kinacholizuia gari ni handibreki tu.

Na handibreki hiyo haiko kwenye magurudumu. Iko nyuma ya transfa, inashika shafti inayokwenda ekseli ya nyuma. Sili ya hapo ikivuja, oili huingia kwenye breki na kuilainisha. Hafu shafti ya nyuma ikikatika, handibreki haina tena la kushika. Ndiyo maana madereva wazoefu huweka jiwe nyuma ya gurudumu hata baada ya kuvuta kila kitu. Si ushamba.

Kabla hujalipa

Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika kwa zaidi ya miaka minane, kwa hivyo Series zilizoko nchini ndizo hizo hizo. Bei zinapanda, na rangi mpya huficha mengi. Ukienda kuangalia moja, fanya haya.

Kwanza, peleka gari kwenye udongo, si lami. Bonyeza cha njano, kisha mwambie mwenzako aliye pembeni, mbali na njia ya gari, atazame kama shafti ya mbele inazunguka kwa nguvu. Kama magurudumu ya mbele yana vifungo vya mkono kwenye habu, hakikisha vimefungwa, la sivyo shafti itazunguka na magurudumu yasivutwe.

Pili, panda na ushuke kilima kidogo salama ukiwa upande wa nguvu, ukikanyaga na kuachilia mafuta. Gia ikiruka hata mara moja, hesabu gharama ya kufungua transfa kabla ya kutaja bei.

Tatu, angalia oili. Transfa ya Series ina oili yake, tofauti na ya giaboksi. Ikizidi ndani ya transfa huku ya giaboksi ikipungua, sili iliyo kati yao imekufa.

Nne, vuta handibreki mlimani huku mguu ukiwa tayari kwenye breki. Gari likisogea, usikubali kuambiwa kuwa hiyo ni kawaida ya Land Rover.

Ukishalinunua, tafuta fundi mzee na umlipe kijana mmoja akae naye wakati boksi linafunguliwa. Mafundi waliojifunza transfa hizi zikiwa mpya sasa wamezeeka, na vijana wa gereji nyingi wamezoea kuchomeka kompyuta kwanza. Series haina pa kuichomeka. Mwenye ujuzi huu Nyeri, Chogoria au Nanyuki hatakosa kazi mvua ikinyesha.

Na kila mwezi, hata kama huna safari, tafuta barabara ya udongo ubonyeze kile kijiti cha njano.