Maana ya Mbofyo katika Upau wa Kichwa

Kila dirisha lifunguliwapo katika kioo cha kompyuta, aghalabu huwa na ukanda juu yake unaobeba jina la maandishi au la programu inayotumika. Ukanda huo ndio upau wa kichwa. Kazi yake ya kwanza ni kulitambulisha dirisha, na ya pili ni kushikwa dirisha linapohamishwa. Aidha, upau hupokea mibofyo ya kipanya, na kila mbofyo una tendo lake. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba tendo hilo halimo katika mbofyo wenyewe, bali hutokana na mapatano. Neno mbuzi zizini ni mnyama, na jikoni ni kifaa cha kukunia nazi. Mbofyo nao ni vivyo hivyo.

Ushahidi si wa mbali. Katika kompyuta za Macintosh zilizotumia System 7.5, iliyotolewa mwaka 1994, kubofya upau mara mbili kuliweza kulikunja dirisha kama jamvi, ukabaki upau peke yake. Katika Windows, tendo hilo hilo hulitanua dirisha likajaza kioo.

Mazingira ya Linux humwachia mtumiaji uhuru mpana zaidi. Katika GNOME, iliyoanzishwa mwaka 1997, kwa kawaida kubofya mara mbili hutanua dirisha, kitufe cha kulia huleta orodha ya amri, na cha kati hakifanyi lolote. Atakaye kubadili hutumia programu ya Tweaks, au huandika amri ya gsettings: katika kundi la org.gnome.desktop.wm.preferences, ufunguo action-middle-click-titlebar ukipewa thamani lower, kitufe cha kati hulipeleka dirisha nyuma ya mengine. KDE, iliyoanza mwaka 1996, hutenganisha hata dirisha linalotumika na lisilotumika, kila moja likawa na matendo yake. Katika Xfce, kubofya mara mbili huweza kukunja, kuficha au kutanua dirisha, au kutofanya kitu.

Chaguo hilo la mwisho lisidharauliwe. Mtu ambaye mkono wake hutetemeka, kila anaposhika upau ili asogeze dirisha, huenda akabofya mara mbili bila kukusudia, dirisha likajaza kioo na kazi yake ikavurugika. Kwake yeye, kuuondolea mbofyo maana ndiko kunakomwezesha kufanya kazi.

Hata hivyo, mapatano huhitaji pande mbili. Mabadiliko haya huhifadhiwa katika akaunti ya mtumiaji. Kwa hiyo wanaotumia akaunti moja kwa zamu hurithi uamuzi wa mmoja wao, na anayefuata hudhani kompyuta imeharibika. Hapana budi basi kila mtumiaji awe na akaunti yake, au mwenye kubadili awaarifu wenziwe kabla hawajaketi.