Nakala Iko Wapi?

Novemba 2025 mahakama mbili za Ulaya ziliulizwa karibu swali lilelile, na kila moja ikaja na jibu lake. Tarehe 4, Mahakama Kuu ya London ilisema Stable Diffusion, programu ya akili mnemba inayochora picha, si nakala ya picha za kampuni ya Getty Images, kwa kuwa haikuhifadhi picha hizo. Wiki moja baadaye mahakama ya Munich, Ujerumani, ikasema maneno ya nyimbo 9 yamo ndani ya modeli za akili mnemba za kampuni ya OpenAI, na kuyakariri humo ni kunakili.

Nani kapatia? Tuifungue mashine yenyewe. Stable Diffusion ilipotoka Agosti 2022, faili lake lilikuwa na gigabaiti 4 hivi. Ilifunzwa kwa picha zipatazo bilioni 2 zilizozolewa mtandaoni. Gawanya mwenyewe: kila picha inapata baiti 2, nafasi ya herufi mbili tu. Picha haienei humo. Wakati wa kufunzwa, picha huharibiwa kwa chenga, kama za televisheni iliyokosa mawimbi, kisha mashine hukisia ni chenga zipi zilizoongezwa. Ikikosea, namba zake husogezwa kidogo, na kazi huanza upya. Namba hizo ndizo zinazobaki. Hadi hapo jaji wa London ana hoja.

Ila wastani hudanganya. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na Nicholas Carlini waliichokonoa Stable Diffusion kwa maelezo ya picha 350,000 zilizojirudia sana katika data za mafunzo. Zaidi ya 90 zilitoka karibu kama zilivyoingia. Chache mno, lakini zipo. Matoleo ya mwanzo yalifikia hata kuchora picha mpya zikiwa na nembo ya Getty juu yake, na kwa hilo London iliipa Getty ushindi mdogo wa alama za biashara. Kinachorudiwa mno hukaririwa, na maneno ya wimbo maarufu yametapakaa kila kona ya mtandao.

Kwa maoni yangu, ubishi huu wa kilichomo tumboni mwa mashine unawachelewesha wasanii. Mashine haifunzwi kabla kazi haijapakuliwa na kuwekwa kwenye kompyuta za kampuni, na nakala hiyo haihitaji mwanahisabati kuiona. London, Getty waliiondoa hoja hiyo kwa kukosa ushahidi kwamba mafunzo yalifanyika Uingereza. California hoja ilifika: Juni 2025 Jaji William Alsup aliamua kwamba kuifunza mashine kwa vitabu ni matumizi halali, lakini kujiwekea maktaba ya vitabu vilivyopakuliwa kwa maharamia si halali. Kampuni iliyoshtakiwa, Anthropic, ikakubali kulipa dola bilioni 1.5, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu.

Miongoni mwa masharti ya fidia hiyo ni kwamba kitabu kiwe kilisajiliwa kwa wakati katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani. Mwandishi wa Dar es Salaam au Nairobi ambaye kitabu chake kilichukuliwa bila kusajiliwa huko hayumo kwenye malipo. Basi wewe unayeandika, unayechora au unayepiga picha, sajili kazi zako sasa, na hati uziweke mahali utakapoziona.