Nafasi ya Mwanamke katika Riwaya: Tusimhukumu Maimuna kwa Haraka

Mwalimu mwenzangu na mtahiniwa mpenzi, swali kuhusu usawiri wa mwanamke ni la kawaida katika mtihani wa fasihi. Hata hivyo, wengi hulijibu kwa kuorodhesha sifa tu: mwanamke ni mnyonge, ni mvumilivu, ni malaya. Darasani mwangu hapa Garsen, mwanafunzi mmoja aliwahi kuandika kuwa Maimuna wa Utengano aliharibika kwa kutomtii babake. Wasichana wenzake waliafiki. Jibu hilo lilinihuzunisha kuliko kosa lolote la sarufi.

Ufeministi ni nadharia inayochunguza jinsi jamii inavyogawa uwezo baina ya wanawake na wanaume, huku ikidai usawa. Mhakiki wake haishii kusema kwamba mwanamke amedhulumiwa. Huuliza maswali matatu. Hebu tuyatumie katika Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyochapishwa mwaka 1980.

(a) Nani mwenye uamuzi? Ni Bwana Maksuudi. Anamtawisha bintiye nyumbani, ilhali yeye mwenyewe anamwandama Kazija.

(b) Mwanamke anapoamua, anachagua nini? Bi Tamima anaposhikwa na uchungu wa uzazi, Maimuna anakubali mkunga Farashuu aletwe, kinyume na amri ya babake. Sisi wa Garsen, tunaojua taabu ya kumfikia mkunga Mto Tana unapofurika, tutauitaje uamuzi huo? Ni utundu au ni utu?

(c) Nani anaadhibiwa? Tamima anapigwa na kupewa talaka. Maimuna anatoroka na kuishia kwa Mama Jeni, kwenye danguro. Kwa hivyo, kilichomponza si ukaidi wake. Ni nyumba iliyomfungia dunia bila kumfunza kuishi ndani yake.

Linganisha na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), iliyowahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Zakaria anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anapopata uhuru akiwa masomoni, hajui kuutumia, na mwisho anajiua. Katika riwaya zote mbili, ukali wa baba unazaa kile kile anachokiogopa.

Lakini tusiwasifu waandishi bila kuwahoji. Rosa anakufa, Maimuna anaokoka, na safari yake inakamilishwa na ndoa kati yake na Kabi. Je, mwanamke hawezi kukombolewa ila kwa kuolewa? Mtahiniwa anayeuliza hivyo, akatoa ushahidi kutoka riwayani, amehakiki kweli.

Mwalimu, kumbuka kuwa msichana aliye mbele yako anasoma pia habari zake mwenyewe. Ukimwita Maimuna mpotovu, naye anasikia.

Zoezi: "Maimuna ni zao la malezi ya Maksuudi." Jadili. (alama 20)