Bidoni inayolisha kuku: mahindi hayamwagike tena, lakini ugonjwa unaweza kupitia pale pale

Mu maparseli mengi ya Goma, Bukavu ao Butembo, kuku wanalishwa vile vile: asubuhi mtu anatupa mahindi chini, wenye nguvu wanashiba, wadogo wanabaki na vumbi. Kinachobaki kinakanyagwa ndani ya mavi na matope. Wakati barabara imefungwa na beyi ya mahindi imepanda, ile ni franka inatupwa.

Kuna namna ingine, na haiombe mashini. Ni bidoni ya litri 20 iliyotoka kwa mafuta ya kula. Ile ya dawa ya shamba, hapana, hata ioshwe mara kumi. Karibu na kitako unakata matundu manne, kila moja upana wa vidole viwili. Bidoni inasimamishwa ndani ya basini inayoizidi upana wa kiganja pande zote, na inafungwa na waya. Juu unakata pa kumiminia, unafunika na kipande cha bati. Chakula kinashuka chenyewe kwa uzito wake. Basini ikijaa mpaka juu ya matundu, kinasimama. Kuku wakikula, kinashuka tena.

Mahindi yaliyosagwa nusu yanapita vizuri. Unga laini kama wa fufu unashikamana, hasa wakati wa mvua, na kuku wanashinda njaa huku bidoni imejaa. Kwa hiyo, kila asubuhi piga bidoni kidogo na mkono, halafu angalia basini.

Kosa kubwa ni kuiweka chini kabisa. Kuku ataparua na miguu na kumwaga yote, sawa na zamani. Kingo ya basini inapaswa kufika kwa mgongo wa kuku. Weka matofali, ongeza kadiri wanavyokomaa. Kuku mkubwa anakula karibu gramu 110 kwa siku, basi kuku 10 wanamaliza kilo moja na kidogo. Jaza ya siku tatu tu. Mahindi yenye kuvu yana sumu.

Sasa upande mbaya. Kule Marekani, wawindaji wanatumia chombo cha aina hii kwa kuvuta kulungu. Jimbo la Michigan lilikataza jambo hilo mu rasi yake ya kusini mwaka 2019, kwa sababu ya ugonjwa wa ubongo unaokondesha kulungu mpaka kufa. Wanaambukizana kwa mate, na pahali wote wanakulia pamoja njo mate yanabaki.

Kwa kuku, Newcastle inapita vile vile. Kuku mmoja mgonjwa akidonoa ndani ya basini, parseli nzima inaweza kuisha kwa siku chache. Aliyetoka sokoni akae peke yake wiki mbili, na chombo chake. Basini ioshwe na sabuni kila wiki, ianikwe jua. Usiku iondolewe, maana panya nao wanajua njia.

Chanjo ya matone ya jicho iko, lakini kichupa kimoja ni cha kuku wengi, na kikiisha kuchanganywa hakingojee kesho. Mwenye kuku watano aulize kwanza majirani wa avenue, wachange franka, ndipo wamuite veterineri siku moja kwa wote.