Tulinunua Mita, Hatukununua Gari

Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba mgonjwa hapimwi kwa nguo alizovaa. Mtu aweza kuingia hospitali amevaa suti na viatu vinavyong'aa, kumbe shinikizo lake la damu limepanda kupita kiasi. Lakini mwaka 2014, siku ambayo baba watoto nami tulikwenda kununua gari, somo hilo tuliliacha wodini pamoja na sare.

Tunaishi Ilala, na riziki yetu, ukiacha mshahara wa uuguzi, hutoka Kariakoo. Baba watoto alikuwa akichukua mchele, sukari na mafuta ya kula katika maduka ya jumla na kuwapelekea wenye maduka wa Gongo la Mboto na Mbagala. Kila safari alikodi gari, na kila safari sehemu nzuri ya faida ilibaki kwa mwenye gari. Hata jina la Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Tangu hapo ni mahali pa mizigo, na asiye na chombo humlipa mwenye chombo.

Tuliweka akiba kwa miaka minne. Zilipofika shilingi milioni 14 tukapata Toyota Hilux ya dizeli, nyeupe, imepakwa rangi upya. Mita ilisoma kilomita 98,000. "Hili bado mtoto," alisema muuzaji. Tulilipa siku hiyo hiyo saa nane mchana, injini ikiwa ya moto, kwa kuwa tuliambiwa yuko mteja mwingine njiani.

Mwezi wa tatu gari lilianza kutoa moshi wa bluu. Fundi mmoja wa Gerezani alifungua boneti, akapangusa vumbi kwa kitambaa na kutuonyesha kibandiko kidogo. Kiliandikwa Kijapani, lakini tarakimu zilisomeka vizuri: mkanda wa taimingi ulibadilishwa kwenye kilomita 214,000. Gari letu "mtoto" lilikuwa limekwisha kuzeeka kabla hata ya kupanda meli.

Injini ilifunguliwa na kufungwa upya kwa shilingi milioni tatu. Fedha hizo zilikuwa pamoja na ada ya binti yetu wa kidato cha tatu. Alikaa nyumbani wiki tano, akitutazama tu.

MPIME KAMA MGONJWA

Akina mama, kilomita nyingi peke yake si ugonjwa. Dizeli iliyotunzwa yaweza kupita kilomita 300,000 na kuendelea na kazi. Kinachoua gari ni oili isiyobadilishwa, maji yaliyoachwa yakaisha na mzigo uliozidi uwezo wake. Basi usiulize limekwenda kilomita ngapi tu. Uliza lilitunzwaje, kisha hakikisha kwa macho yako.

Nenda asubuhi na mapema, na kabla ya salamu kuisha gusa boneti. Ikiwa ya moto, gari limekwisha kuwashwa ili kuficha jambo. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta huwaka kwa sababu ya hewa iliyobanwa mpaka ikawa ya moto sana. Silinda zikilika, mbano hupungua, na asubuhi gari huwaka kwa taabu. Plagi za kupasha joto zikifa nazo huleta shida hiyo hiyo, ila hizo si ghali kama injini.

Tazama moshi. Mweusi mwingi huonyesha dizeli haichomeki vizuri: pengine chujio la hewa limeziba au nozeli zimechoka. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto waweza kuwa maji yanayoingia ndani. Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma. Moshi ukitoka kwa nguvu, pistoni na ringi zimechoka. Oili ikifanana na chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Lakini rejeta usiifungue ikiwa ya moto. Tumewahi kuwauguza walioungua kwa njia hiyo.

Kisha linganisha mita na mwili wa gari. Mpira wa pedali uliolika mpaka chuma kuonekana na usukani uliosuguliwa ukang'aa si vya kilomita 98,000. Yote mawili tuliyaona siku ile, lakini rangi mpya ilitupumbaza. Ingia chini, au mwombe fundi aingie, mtazame chasisi: kutu, nyufa, alama za kuchomelea. Pikapu hubeba mizigo kwa chasisi, si kwa rangi.

Uliza pia mkanda wa taimingi. Toyota nyingi za dizeli za zamani huwasha taa ya T-BELT kila kilomita 100,000 kukumbusha kuubadilisha. Mkanda ukikatika injini ikiwa kazini, pistoni hugonga valvu, nawe unaanza kutafuta injini nyingine. Fundi awe wako, umlipe wewe, wala si yule aliyeletwa na muuzaji.

KADI NA NDOA

Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma lazima ilingane na ile ya kwenye kadi, na jina la kwenye kadi liwe la huyo anayeuza. Ukionyeshwa nakala tu, jihadhari. Huenda kadi halisi imewekwa rehani kwa mkopo. Nendeni pamoja TRA kuhakikisha na kuhamisha umiliki, na fedha zipite benki.

Na kadi iandikwe jina la nani? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mali iliyopatikana katika ndoa ikiwa kwa jina la mmoja, huchukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo; ikiwa kwa majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa wana haki sawa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupata mali. Hata hivyo, mama, tunza risiti zako. Kuzungumza jambo hili mapema na baba watoto si kumshuku. Ni kuweka nyumba katika mpango.

KIBANDIKO

Mwaka 2016 tuliamua kuliuza gari lile. Jirani alitushauri tubandue kibandiko. "Nanyi mliuziwa hivyo hivyo," alisema. Tuliyapima maneno yake, nayo yakatuingia. Usiku tulifungua boneti, binti yetu akatushikia tochi. Kona moja ilikuwa imekwisha kunyanyuka alipouliza taratibu, "Mama, na hao wanaonunua wana mtoto anayesoma?"

Hatukumjibu. Tulirudisha kona ile kwa kidole, tukafunga boneti. Biblia katika Mithali huhesabu mizani ya udanganyifu kuwa chukizo, na mita ile ilikuwa mizani. Mnunuzi alipokuja tulimwonyesha kibandiko na risiti za injini. Alilipa shilingi milioni tisa. Hasara ilituuma, lakini usingizi wetu ulikuwa mzuri.

Pikapu ya pili ilikuwa na kilomita 310,000, na muuzaji hakuficha hata moja. Alitupa daftari la mistari lililochafuka kwa oili, kila huduma imeandikwa pamoja na tarehe yake. Tulilipima asubuhi, likiwa la baridi, fundi wetu akiwa chini ya gari. Linabeba mchele hadi leo.

Daftari lile tumeliendeleza. Siku tutakapoliuza gari, mnunuzi atapewa na daftari lake.