Je, tunaweza kujua mbele kama kazi itashindwa?



Wanafunzi wenye wanaanza memwari wananiuliza mara nyingi: kuko namna ya kujua mbele kama kazi itashindwa? Mie ninajibu: inategemea ni kazi gani.

Kama ni utafiti, jibu halijulikani, njo maana tunatafuta. Mwaka 1887, kule Marekani, Michelson na Morley walipima mwanga ili kuonyesha mwendo wa dunia ndani ya "etha", kitu chenye wanafizikia walidhani kinajaza anga lote. Mwendo ule hawakuuona. Lakini walipima vizuri, kwa hiyo ile "hapana" yao ikawa jibu kubwa la fizikia. Hapo kukosa ulichotafuta si kushindwa.

Kama ni kutengeneza chombo, ni mambo mengine. Dalili zinaonekana mbele. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za chombo cha anga Challenger walionya: mipira inayoziba maungio inakuwa migumu kwenye baridi, tusirushe chini ya digrii 12. Asubuhi ilikuwa digrii 2 hivi. Wakubwa wakarusha tu. Kisha sekunde 73 chombo kikavunjika, watu 7 wakafa.

Mwanafizikia Richard Feynman, aliyekuwa ndani ya tume ya uchunguzi, alikuta kwamba wahandisi walikadiria ajali 1 katika safari 100 hivi, na wakubwa 1 katika safari 100.000. Kumbe wote walitabiri! Siku na saa hakuna aliyejua, lakini wenye kugusa mashine walikuwa karibu zaidi na ukweli. Shida ni kwamba neno lao halikuwa na nguvu.

Sasa tuje kwetu. Tuseme unatengeneza kikaushio cha mihogo cha jua. Mbele ya kuanza, andika: mvua ikinyesha siku tatu, itakuwa je? Nikiona dalili gani nitasimamisha? Halafu uliza mama mwenye anakausha mihogo kila siku. Akisema "hii haitaenda", usimcheke juu hana diploma. Andika neno lake na ulipime, usingoje siku ya kutetea kazi.

Na wewe, katika mradi wako, nani anagusa mashine, na umeshamuuliza?